Jitu lipi la mvuke ulifuate: Big Boy, Allegheny, Garratt ya Nairobi au zile za Wales?

Wapenzi wa magarimoshi ya mvuke wana ubishi mmoja usioisha: lipi lilikuwa kubwa kuliko yote? Mmoja atakutajia uzito, mwingine urefu, wa tatu nguvu za farasi, na kila mmoja ataondoka akijiona ameshinda. Ubishi mtamu huo, lakini hautakufaa kitu ukiwa na likizo moja na nauli moja. Hapo swali linageuka: uende kuona lipi?

Nimechagua manne. Mawili yako Marekani, moja liko Nairobi, na la nne ni kundi la injini za Wales ambazo wengi huzidharau kwa sababu reli yake ina upana wa sentimita 60 tu. Nimeyaweka kwenye mizani ileile, ingawa nakiri mapema kwamba kuhusu la Nairobi nitasema mengi zaidi.

Vigezo

La kwanza ni ukubwa, lakini ukubwa kwa kipimo cha reli iliyo chini yake. Injini ya tani 350 kwenye reli pana na nzito ya Marekani, na injini ya tani 250 kwenye reli ya mita moja, hazipimwi kwa tani peke yake. Linalomsumbua mhandisi ni mzigo unaobebwa na kila ekseli, yaani mhimili unaounganisha magurudumu mawili. Reli, mataruma na madaraja vina kikomo, na kikomo kikipitwa, njia inavunjika.

La pili ni kazi. Hakuna kampuni iliyojenga jitu kwa majigambo tu. Kila moja lilizaliwa na mlima fulani na mzigo fulani, na ukiujua mlima huo utaelewa kwa nini boila, yaani tangi la kuchemshia maji, ni nene pale na magurudumu ni madogo huku.

La tatu, lilinusurikaje na leo liko katika hali gani: linatembea, limesimama ndani ya jengo, au limesimama nje?

La nne, utalikaribia kiasi gani. Kuna injini utakayoiona ikipita kwa dakika moja, na kuna nyingine utakayokaa nayo mchana kutwa.

La tano husahaulika, nalo kwangu lina uzito mkubwa: ni kiasi gani cha injini ile ya zamani bado kipo? Jahazi linalosafiri hubadilishwa mbao mwaka hadi mwaka. Lililopandishwa ufukoni hubaki na mbao zake, zikiwa na alama za kila gati lililogusa. Injini za mvuke ni hivyo hivyo. Inayotembea itakuonyesha jinsi ilivyofanya kazi, na iliyosimama itakuonyesha ilivyokuwa siku ya mwisho ya kazi. Ni vigumu kuyapata yote mawili katika chuma kimoja.

Kabla hatujaanza, neno moja kuhusu maumbo. Injini ikirefuka, magurudumu yake hayapiti tena kwenye kona. Wahandisi walitoka kwenye tatizo hilo kwa njia mbili kuu. Anatole Mallet, Mswisi, aliweka seti mbili za magurudumu na pistoni chini ya boila moja: ya nyuma imefungwa imara, ya mbele inageuka kufuata kona. Herbert William Garratt, Mwingereza aliyesajili wazo lake mwaka 1907, alitenganisha kabisa. Seti moja iko mbele na nyingine nyuma, na boila limening'inizwa katikati kama machela kati ya wabebaji wawili. Kwa kuwa chini ya boila la Garratt hakuna magurudumu, linaweza kunenepa na tanuri lake likashuka chini kadiri mjenzi anavyotaka. Big Boy na Allegheny ni za ukoo wa Mallet, hizo nyingine mbili ni Garratt.

Big Boy namba 4014, Marekani

*Ukubwa.* Urefu wake ni mita 40 na ushee ukihesabu na behewa lake la maji na mafuta. Injini peke yake ina tani 345 hivi, na vyote viwili vikijazwa hupita tani 540. Kila ekseli ya kuendesha hubeba zaidi ya tani 30. Nguvu yake ya kuvuta wakati wa kuondoka ni kama tani 61. Utaiona ikiandikwa 4-8-8-4: magurudumu manne ya kuongoza, manane ya kuendesha, manane mengine ya kuendesha, na manne ya kubeba tanuri.

*Kazi.* Kampuni ya Union Pacific ilikuwa na shida na milima ya Wasatch, mashariki ya Ogden katika jimbo la Utah. Treni nzito ya mizigo ilipofika pale ililazimika kusubiri injini ya pili, na kila kusubiri ni fedha. Ikaagizwa injini moja ya kupandisha zaidi ya tani 3,200 bila msaada. Kiwanda cha American Locomotive, kule Schenectady, New York, kilitoa 20 mwaka 1941 na 5 zaidi mwaka 1944. Inasemekana jina rasmi lilikuwa liwe Wasatch, lakini fundi mmoja asiyejulikana akachukua chaki na kuandika "Big Boy" kwenye uso wa injini ya kwanza kabla haijatoka kiwandani. Jina la chaki likakaa.

*Ilivyonusurika.* Safari za mizigo ziliisha Julai 1959. Kati ya 25 zimebaki 8. Ya 4014 ilipelekwa Pomona, California, ikasimama kwenye hewa kavu kwa miaka hamsini, na hewa hiyo ilichangia kuiokoa. Mwaka 2013 Union Pacific iliichukua tena, mwaka 2014 ikavutwa hadi karakana ya Cheyenne, Wyoming, na Mei 2019 ikatoka kwa moto wake yenyewe. Ilikuwa miaka 150 tangu reli za mashariki na magharibi zikutane Promontory, Utah.

*Utaikaribia vipi.* Hapa ndipo wageni wengi hukosea. Big Boy haina ratiba ya kila siku, na kwa kawaida hununui tiketi ukapanda. Kampuni hutangaza ziara, nawe unachagua kituo kidogo au kivuko cha barabara na kungoja. Utatakiwa kusimama kama mita 8 kutoka kwenye reli. Itapita, ardhi itatetemeka, honi italia, kisha kimya. Mara nyingi nyuma yake hufungwa kichwa cha dizeli, jambo linalowaudhi wapiga picha. Lakini usidhani injini hii ni pambo: mwaka 2023 huko Nebraska ilisukuma treni ya mizigo iliyokuwa imekwama mbele yake.

*Kilichobadilika.* Ilijengwa kula makaa ya mawe, sasa inachoma mafuta. Mabomba ya boila ni mapya. Na haitakuwa hivi ilivyo milele, kwani sheria ya Marekani inataka injini ya mvuke ivuliwe na boila likaguliwe lote kila baada ya siku 1,472 za kazi au miaka 15, lipi litangulie. Anayetaka kuiona ikitembea asiahirishe sana.

Ukikosa ziara, wenzake saba wamesimama. Ya Denver na ya Green Bay ziko ndani ya majengo, ya Scranton iko nje. Kwa saa mbili za kuchunguza kwa utulivu, ya Denver itakufundisha zaidi kuliko 4014 ikipita mbio.

Allegheny namba 1601, Marekani

*Ukubwa.* Kwa urefu inashindwa na Big Boy. Kwa uzito wa injini yenyewe ziko bega kwa bega, na wapo wanaoapa kwamba hii ndiyo nzito zaidi. Ubishi huo una asili yake: makadirio ya kwanza ya uzito yalikuwa pungufu, na zilipopimwa sawasawa zikaonekana zimezidi. Hilo halikuwa jambo dogo, maana malipo ya madereva na wachochea moto wa Marekani yalihesabiwa kwa uzito wa injini. Ekseli moja ya kuendesha ilibeba karibu tani 38, mzigo ambao reli nyingi duniani zisingeuthubutu.

Nguvu yake ya kuvuta wakati wa kuondoka ni tani 50, chini ya Big Boy. Lakini ikishika mwendo mambo hugeuka. Katika jaribio lililopimwa kwa behewa maalum, Allegheny ilitoa nguvu za farasi 7,498 kwenye ndoano ya kuvutia, na Big Boy haikufika huko. Siri iko nyuma: tanuri lake ni kubwa mno, hata likahitaji magurudumu sita ya kulibeba. Ndiyo maana inaandikwa 2-6-6-6.

*Kazi.* Kampuni ya Chesapeake and Ohio ilizinunua 60, na jirani yake Virginian ikachukua 8. Zote zilijengwa na kiwanda cha Lima, Ohio, kati ya 1941 na 1948. Kazi yake maarufu ilikuwa makaa ya mawe kutoka Hinton, West Virginia, hadi Clifton Forge, Virginia, kuvuka milima ya Allegheny iliyozipa jina: moja mbele inavuta, moja nyuma inasukuma, katikati zaidi ya tani 10,000. Kuna kejeli hapa. Injini iliyoundwa kwa nguvu ya mwendo kasi ikatumiwa kukokota makaa polepole. Ni kama kumfunga farasi wa mashindano kwenye mkokoteni, na farasi huyo akauvuta bila kulalamika.

*Ilivyonusurika.* Dizeli zilizifuta zote kabla ya miaka ya 1950 kuisha. Zimebaki mbili: 1604 iko kwenye makumbusho ya reli ya Baltimore and Ohio, mjini Baltimore, na 1601 iko kwenye makumbusho ya Henry Ford, Dearborn, Michigan, tangu 1956.

*Utaikaribia vipi.* Hakuna jitu la daraja lake ambalo utalikaribia kuliko hili. Liko ndani ya ukumbi, halinyeshewi, na wageni hupanda ngazi hadi chumba cha dereva. Ukikaa kwenye kiti kile utagundua jambo ambalo picha hazisemi: dereva haoni kitu. Mbele yake ni ukuta wa boila, na dunia ya nje ni kipande chembamba pembeni ya dirisha. Watu hao waliendesha treni ya makaa kwa kipande hicho cha dirisha, usiku na kwenye ukungu wa milimani.

*Kilichobadilika.* Kidogo sana. Iliingia makumbusho miaka 15 tu baada ya kujengwa, haikuoza uwanjani, na haikuhitaji kufufuliwa. Kwa anayetafuta ushahidi wa chuma chenyewe, hii ndiyo kitabu kisichofutwa. Ila ni baridi na iko kimya, na anayefuata harufu ya mvuke atatoka akiwa na njaa.

Garratt ya daraja la 59, Nairobi

*Ukubwa.* Simama mbele yake na utazame chini kabla ya kutazama juu. Umbali kati ya reli na reli ni mita moja. Sasa inua macho: boila lina kipenyo cha karibu mita 2.3, zaidi ya mara mbili ya upana wa njia inayolibeba. Urefu wake ni karibu mita 32, uzito tani 256 hivi, nguvu ya kuvuta karibu tani 38, na mzigo wa ekseli tani 21 tu. Hakuna injini ya mvuke iliyowahi kujengwa kwa reli ya mita iliyokuwa nzito na yenye nguvu kuliko hii. Ukiipima kwa reli iliyo chini yake, Big Boy iliyo juu ya reli ya milimita 1,435 inaanza kuonekana kama mtu mkubwa aliyekaa kwenye kiti kikubwa, na hii ni mtu mkubwa aliyekaa kwenye kigoda na hatikisiki.

*Kazi.* Baada ya vita vya pili vya dunia, shehena ilirundikana bandari ya Mombasa kuliko reli ilivyoweza kuiondoa. Njia ile hupanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600 Nairobi, kilomita 530 za kona na miinuko, na reli haikuweza kupanuliwa kwa siku moja. Ikabidi injini ikue na njia ibaki. Kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, iliyokuwa bingwa wa Garratt duniani, ilijenga 34 kati ya 1955 na 1956. Kila moja iliweza kupandisha tani 1,200 kwenye mwinuko wa mita 1.5 kwa kila mita 100. Zilichoma mafuta mazito tangu mwanzo, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kuvunjika mgongo kwa koleo. Tena zilibuniwa ziweze kubadilishwa zitumie reli pana kidogo ya kusini mwa Afrika, endapo mitandao hiyo ingeunganishwa siku moja.

Kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Ya 5901 ilikuwa Mount Kenya. Mbili zilizobaki ni 5918 Mount Gelai, jina la mlima ulio kando ya Ziwa Natron, na 5930 Mount Shengena, jina la kilele cha Upare. Watoto wa Same, huko Upare, wanaoingia uwanja wa makumbusho ya reli ya Nairobi na kusoma bamba la Shengena hucheka kwa mshangao, na wana haki. Ndugu zake wa daraja la 60 walipewa majina ya magavana wa kikoloni, na uhuru ulipokuja mabamba hayo yakang'olewa. Milima haikumkosea mtu, ikabaki.

Kuna jambo la utunzaji lisiloandikwa kwenye bamba. Dereva alikabidhiwa injini yake, hakuokota yoyote iliyokuwa karibu. Madereva wengi, hasa Makalasinga, waling'arisha shaba na chuma mpaka unaweza kujitazama usoni. Rangi nyekundu iliyoiva ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki ilionekana kutoka mbali kwenye nyika ya Tsavo. Ndiyo maana wazee wa reli wanapozizungumzia hawataji namba. Huzitaja kwa jina, kama wanavyotaja watu.

*Ilivyonusurika.* Dizeli zilianza kuziondoa miaka ya 1970 na ya mwisho ilitoka kazini mwaka 1980. Michoro ya injini kubwa zaidi, daraja la 61, ilikuwepo, lakini haikutoka kwenye karatasi. Nyingi kati ya 34 ziliishia vyuma chakavu. Bahati ni kwamba makumbusho ya reli ya Nairobi yalikuwa yameanzishwa tangu 1971, wakati zikiwa bado kazini, na kwa hiyo mbili zikapata pa kwenda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mount Gelai iliwashwa tena na kuvuta treni za wapenzi wa reli. Leo imesimama.

*Utaikaribia vipi.* Karibu kabisa, na bila haraka. Unaweza kuizunguka, kuinama chini ya boila na kuona mwenyewe pengo lile ambalo Garratt aliliwaza: hewa tupu mahali ambapo injini nyingine zingekuwa na magurudumu. Ukiichoka, kuna behewa ambamo simba alimtoa afisa wa polisi Charles Ryall kule Kima mwaka 1900.

*Kilichobadilika.* Iko katikati ya hizo mbili za Marekani. Ilifufuliwa, hivyo baadhi ya sehemu si za asili, lakini haikugeuzwa umbo wala mafuta. Tatizo lake ni la majitu yote yanayosimama nje: jua na mvua. Boila la ukubwa huu likikaa bila moto na bila paa, maji hujificha chini ya koti la bati na kula chuma kimyakimya, na anayekuja kulifungua baada ya miaka ishirini hukuta gharama ambayo haikuwepo.

Garratt za NGG16, Wales

*Ukubwa.* Utacheka: tani 62 hivi. Lakini reli yake ni milimita 597, upana ambao mtu mzima anauvuka kwa hatua fupi, na kila ekseli hubeba tani 7 tu. Ni miongoni mwa injini zenye nguvu zaidi zilizowahi kufanya kazi kwenye upana huo. Kwa kanuni niliyoiweka mwanzo, ni jitu.

*Kazi.* Zilijengwa kwa ajili ya njia nyembamba za Afrika Kusini, kati ya miaka ya 1930 na 1960. Namba 143, ya mwaka 1958, ni Garratt ya mwisho kutoka kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester, kilekile kilichozaa Mount Gelai.

*Ilivyonusurika na utakavyoikaribia.* Kadhaa zilirudishwa Uingereza na leo zinavuta abiria kwenye reli ya Welsh Highland, kilomita 40 kutoka Caernarfon hadi Porthmadog, zikipita chini ya mlima Snowdon. Hapa unakata tiketi, unapanda na kukaa saa mbili na zaidi nyuma ya Garratt inayopanda mwinuko wa kweli. Fungua dirisha usikilize: seti mbili za pistoni hazipigi pamoja muda wote. Kuna wakati zinalingana, kisha taratibu moja inatangulia, kama wapiga ngoma wawili wanaokimbizana. Muziki huo ndio uliosikika Mazeras na Voi, na Nairobi hutausikia. Kwenye reli hiyohiyo iliwahi kutembea pia K1 ya mwaka 1909, Garratt ya kwanza kabisa duniani, iliyojengwa kwa ajili ya Tasmania.

*Kilichobadilika.* Mengi. Nyingine ziligeuzwa zichome mafuta, kisha zikarudi kwenye makaa, na vipuri vipya vinatengenezwa kila mara. Hili ni jahazi linalosafiri hasa.

Mengine utakayoyasikia yakitajwa

AA20 ya Kisovieti ya mwaka 1934, yenye ekseli saba za kuendesha kwenye fremu moja ngumu, iliharibu reli ilipojaribiwa na ikaishia kukatwa vyuma. Usiitafute. Challenger 3985, mdogo wake Big Boy, iko Silvis, Illinois, mikononi mwa kikundi cha wahifadhi kilichoipokea mwaka 2022 ili kuifufua. Garratt 6029 ya Australia ilirudi kwenye reli mwaka 2014. Zimbabwe nayo ilikarabati kundi kubwa la Garratt mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wengine wote wakizitupa, kwa sababu makaa ya Hwange yalikuwa yake na dizeli ilikuwa ya kuagizwa. Bulawayo ina makumbusho mazuri ya reli.

Kwa hali yako

Kama unataka kuhisi ukubwa kifuani, na uko tayari kupanga safari kwa ratiba ya kampuni ambayo inaweza kubadilika, fuata 4014. Usiifuate kituo kikubwa penye umati. Tafuta mahali njia inapopanda mlima, kwa sababu injini isiyo na mlima mbele yake haifanyi kazi, inatembea tu.

Kama wewe ni mchoraji, mjenzi wa vielelezo au mwanafunzi wa uhandisi anayetaka kupima na kugusa, nenda Dearborn. Mvua ikinyesha, ziara haikatizwi.

Kama una watoto, Wales. Mtoto hatasimama saa nne kwenye kivuko akingoja injini ipite dakika moja, lakini atakaa dirishani saa mbili masizi yakimwingia machoni.

Kama uko Afrika Mashariki, au una asili ya huko, anza Nairobi kabla ya kuvuka bahari. Nenda asubuhi, jua likiwa upande, maana adhuhuri chuma hakipigiki picha. Mwenye mzee wa familia aliyefanya kazi reli ampeleke pia, amwachie nafasi ya kuzungumza na wafanyakazi, yeye mwenyewe akae pembeni na daftari.

Na kama lako ni kulielewa wazo la Garratt lote, mwanzo hadi mwisho, usichague moja. Tazama Mount Gelai kwanza ukiwa na muda wa kuinama chini yake, kisha siku utakapofika Wales upande nyuma ya namba 143. Ukienda kwa mpangilio wa kinyume utasikia ngoma bila kujua nani anapiga.